Jinsi ya kufuatilia ukarabati wa jengo la kale Tabora na Kigoma: ukuta, karatasi na fedha

Julai 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akitafuta namna ya kufika Ujiji. Gazeti lililomtuma lilikuwa New York Herald. Mwezi huohuo, kule New York, makao ya gazeti lake, gazeti jingine la mji ule, New York Times, lilianza kuchapisha hesabu za ujenzi wa jengo la mahakama. Jengo hilo lilipangiwa dola 250,000 mwaka 1858. Kufikia 1871 malipo yalikuwa yamepanda hadi mamilioni, na makadirio mengi huyaweka kati ya milioni 11 na 13. Mpiga ripu Andrew Garvey alionekana vitabuni amelipwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Meza tatu na viti 40 viliandikiwa dola 179,729. William Tweed, kigogo wa chama cha Democratic aliyeushika mji, alikamatwa Oktoba mwaka huo. Alifia gerezani Aprili 1878.

Kilichomwangusha ni daftari. Makarani wa hesabu, Matthew O'Rourke akiwemo, walinakili vitabu vya malipo, na nakala zikafika gazetini, nyingine kupitia aliyekuwa sherifu, James O'Brien. Hakuhitajika mtaalamu wa kuzitafsiri. Yeyote aliyewahi kumlipa fundi aliona kwamba ripu ya siku mbili haifiki fedha ile.

Njia hiyohiyo inafaa kwetu, kwenye nyumba za wafanyabiashara wa Ujiji, majengo ya Kijerumani ya Tabora na Kigoma, shule na zahanati za zamani, stesheni za reli. Mwongozo huu ni wa wajumbe wa mitaa, walimu, waandishi wa redio za jamii, madiwani wapya na mkazi yeyote anayeona turubai na jukwaa la mafundi mbele ya jengo la kale na anataka kujua kama kazi ni ya kweli. Anayeweza kupima ukuta kwa tepu na kuandika barua ya ukurasa mmoja anaimudu kazi hii.

Kwanza, jengo ni la nani?

Malalamiko mengi hufia hapa, kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Watu wanadhani kila jengo la Mjerumani ni la manispaa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, na stesheni zake ni mali ya shirika la reli, kwa hiyo diwani hana fungu la kuzikarabati wala mamlaka ya kuziuza. Majengo ya misheni ni ya kanisa husika. Nyumba nyingi za Ujiji ni za familia, nyingine ni wakfu, na hapo maamuzi hayapiti kwenye Baraza la Madiwani kabisa.

Ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Utapewa namba ya malipo, utalipa ada, kisha utapata taarifa ya maandishi inayoonyesha mmiliki aliyesajiliwa, muda wa hati, na kama kuna rehani au zuio. Tunza risiti. Kama kiwanja hakijasajiliwa, nenda kwa ofisa ardhi wa halmashauri ukaulize ramani ya mipango miji na jalada la kiwanja. Jengo lisilo na hati ndilo linalohamishwa kimya kimya, kwa hiyo kiwanja kikikosekana kwenye rejista, ongeza umakini.

Lina ulinzi gani kisheria?

Wengi huamini kwamba jengo likishakuwa la zamani linalindwa lenyewe. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihesabu jengo kuwa kumbukumbu ya kale moja kwa moja endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Baada ya mwaka huo, ulinzi unatokana na tangazo la waziri katika Gazeti la Serikali. Utawala wa Wajerumani ulifika bara miaka ya 1880 mwishoni na 1890, maana yake boma, stesheni na nyumba zao zote ziko nje ya mstari wa 1863. Jengo la 1914 ambalo halijatangazwa linaweza kubomolewa kwa kibali cha kawaida tu cha mipango miji.

Njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, pamoja na Kwihara, imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006. Orodha ya awali ni nia ya nchi kupendekeza eneo. Haimzuii mtu kubomoa. Ukiona mtu anaitaja kama kinga, mwombe namba ya tangazo la Gazeti la Serikali. Namba hiyo ndiyo inayosimama mbele ya hakimu.

Kama jengo halijatangazwa na lina thamani, andika pendekezo kwa Idara ya Mambo ya Kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Weka picha za pande zote nne, mchoro wa vipimo, na ushahidi wa umri. Kwa majengo ya Kijerumani ushahidi huo hupatikana katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya utawala ule yamehifadhiwa. Fanya hivyo mapema. Pendekezo lililofika mezani kabla ya mpango wa kuuza lina uzito kuliko lile lililoandikwa greda likiwa getini.

Pima na piga picha kabla fundi hajagusa

Bila rekodi ya hali ya mwanzo huna cha kulinganisha, na mkandarasi anaweza kudai alikuta ukuta umeanguka. Beba tepu ya mita 30, timazi, penseli, daftari lenye mistari ya miraba, na simu. Pima urefu na upana wa nje, kimo cha ukuta mahali pasipopungua patatu, unene wa ukuta kwenye mlango, na kila dirisha na mlango. Chora. Andika tarehe.

Piga picha ya kila upande ukiwa umesimama mahali unapoweza kuparudia, kwa mfano kwenye kona ya mtaro au chini ya mwembe fulani. Kwenye kila ufa weka rula ndani ya picha. Usizipunguze wala kuzipamba picha hizo, na zihifadhi kama zilivyotoka kwenye simu, kwa sababu faili halisi hubeba tarehe na saa. Kama jengo liko chini ya jeshi, polisi, reli au bandari, pata kibali cha maandishi kwanza. Picha isiyo na kibali inaweza kukuletea kesi yako binafsi na kuifunika hoja yote ya jengo.

Wasalimie mlinzi na mafundi, na useme wazi unachofanya. Fundi mzee aliyechomoa ripu ya zamani kwa mikono yake anajua ukuta ule ulivyojengwa kuliko karatasi yoyote. "Shikamoo fundi, hapa mmekuta chokaa au saruji?" ni swali linalojibiwa.

Ukuta unaumwa nini?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, wakati mwingine kwa wizi na wakati mwingine kwa ujinga tu, na matokeo kwa jengo ni yaleyale.

Kuta za zamani za mawe au matofali ya kuchoma zilijengwa na kupigwa ripu kwa udongo au chokaa. Chokaa ni laini na inapitisha mvuke. Maji yanayopanda kutoka ardhini na mvua inayopigwa na upepo huingia ukutani na kutoka tena kwa kukauka. Ukipiga ripu ya saruji juu yake, unaufunga mlango wa kutokea. Maji yanabaki ndani, chumvi zake zinaganda nyuma ya ripu, na ndani ya misimu michache ya mvua ripu inajitenga na kuanguka ikiwa imeng'ang'ania uso wa tofali. Tofali likishapoteza uso wake uliochomwa, linaoza haraka. Rangi ya plastiki juu ya chokaa hufanya hivyohivyo kwa kiasi kidogo: inavimba malengelenge na kubanduka.

Kwenye ukuta wa udongo hali ni mbaya zaidi. Saruji haishikamani na udongo. Inapasuka, maji yanapita kwenye ufa, yanateremka nyuma ya ripu na kujikusanya miguuni mwa ukuta. Kwa nje unaona ripu nzuri ya kijivu, ndani udongo umekuwa tope, na siku moja ukuta unakaa chini wote. Tembe za Unyamwezi, zenye kuta za udongo na paa bapa la miti na udongo, zinahitaji ripu ya udongo iliyochanganywa na mchanga, nyasi zilizokatwa na samadi, inayorudiwa kila baada ya misimu kadhaa. Ripu ya udongo ikipasuka wakati wa kukauka, ongeza mchanga. Ikichubuka kwa kuguswa na kidole, punguza mchanga. Na paa la tembe linapovuja, usirundike udongo mpya juu ya wa zamani mwaka hadi mwaka, maana miti inabeba uzito isioumudu. Ondoa safu ya juu kwanza, kisha weka mpya.

Majaribio manne hayaharibu kitu. Gonga ripu kwa kifundo cha kidole: mlio mtupu maana yake imejitenga. Kwaruza kwa msumari pembeni mwa dirisha: chokaa huchubuka na kutoa unga mweupe, saruji hukwaruza kijivu na kuutoa msumari ukiwa umechoka. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, gundisha kingo zote, iache saa 24. Unyevu upande wa ukutani unasema maji yamo ukutani. Unyevu upande wa chumbani unasema ni mvuke wa chumba. La nne ni la ufa: chora mstari wa penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, rudi kila mwezi. Ufa wa chini ya milimita moja usiosogea ni wa kuziba. Ufa unaosogea, au unaofika milimita tano, ni wa mhandisi, na kuuziba kwa ripu ni kuficha ushahidi.

Kabla ya kugusa ukuta wowote, tazama juu na chini. Gata limeziba? Bomba la maji ya mvua linamwaga msingini? Udongo wa nje umepanda juu ya sakafu ya ndani? Kigoma ni mji wa miteremko, na maji ya mlimani yakikosa mtaro huja moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma. Mradi unaolipia ripu mpya bila gata na mtaro utalipia ripu nyingine baada ya muda mfupi.

Mchwa: tafuta vijia vya udongo kwenye msingi na nyuma ya fremu za milango. Chomeka bisibisi kwenye mwisho wa boriti ulioingia ukutani, maana huko ndiko zinakooza kwanza. Ikizama bila kusukumwa, boriti imekwisha hata kama rangi yake inang'aa.

Hesabu ya vifaa: pale ripu ya Garvey inapoonekana

Tuchukue jengo la mstatili, mita 18 kwa 10, kuta za nje kimo cha mita 4. Mzunguko ni mita 56, eneo la kuta mita za mraba 224. Madirisha kumi ya mita 1.2 kwa 1.5 yanatoa 18. Milango mitatu ya mita 1.2 kwa 2.2 inatoa karibu 8. Zinabaki mita za mraba 198.

Ripu ya chokaa hupigwa kwa matabaka: la kwanza milimita 10 hadi 12, la pili kama hilo, na la kumalizia milimita 3. Jumla ni karibu milimita 25. Kwa hiyo 198 mara 0.025 ni mita za ujazo 4.95. Ukuta wa zamani haujanyooka, na kuna kinachoanguka chini, basi ongeza asilimia 20: karibu mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa chokaa moja kwa mchanga tatu, chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, hivyo mchanga ni karibu mita za ujazo 6, yaani tani tisa hadi kumi, na chokaa ni mita za ujazo 2. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa una ujazo wa lita 40 hadi 50. Unahitaji mifuko 40 hadi 50.

Kama mtu ameamua kupiga saruji, kosa ambalo tumeshalieleza, moja kwa nne kwa milimita 20, eneo lilelile linakula mifuko 35 hivi ya kilo 50. Ukikuta jedwali la vipimo na bei, ambalo mafundi huliita BOQ, linasema mifuko 160 kwa ukuta huo, una swali la kuuliza. Tofauti ya asilimia 15 au 20 ni ya kawaida katika ujenzi na haifai kupigiwa kelele. Mara tatu au nne ya mahitaji ina maana vifaa vimekwenda kwingine au havikununuliwa.

Paa: jengo hilohilo, paa la migongo miwili, mchomozo wa mita 0.6 kila upande. Eneo la chini ni 19.2 kwa 11.2, mita za mraba 215. Mteremko ukiwa nyuzi 30, gawa kwa 0.866, unapata 248. Bati la mita 3 lenye upana wa kufunika wa mita 0.75, likipishana sentimita 15 mwishoni, hufunika mita za mraba 2.14. Bati 116, ongeza asilimia tano, zinakuwa 120 hadi 125.

Idadi ikiwa sawa, pima unene. Ujanja wa zamani ni kuandika geji 28 na kufunga geji 32. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni karibu milimita 0.38, geji 30 karibu 0.31, geji 32 karibu 0.27. Mikromita ya dukani inatosha, ukipima kwenye ncha ya bati na kukumbuka kwamba rangi inaongeza unene kidogo. Kwa mbao, soma jedwali linasema mti gani. Mninga ni mzito na una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Paini ni nyeupe, nyepesi, yenye vifundo vingi. Bei zake haziko karibu.

Bei zenyewe usizikisie. Nenda kwenye maduka matatu siku moja, omba ankara ya kukadiria bei kwa maandishi, ongeza usafiri. Kigoma hapo usafiri una uzito wake, hasa kwa chokaa inayotoka mbali, na mkandarasi mwaminifu anastahili kuhesabiwa hilo.

Angalia pia muda. Chokaa inataka siku kadhaa kati ya tabaka na tabaka, na inataka kulowanishwa na kufunikwa isikaushwe na jua. Kuta za jengo tulilolipima haziwezi kukamilika kwa chokaa ndani ya wiki moja. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na hapo ndipo haraka inapoingia: malipo ya Juni kwa kazi ambayo ukuta wake bado mbichi, au haujaanza. Linganisha tarehe ya hati ya malipo na tarehe ya picha zako.

Kuzipata karatasi

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kuingia katika mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini. Tanzania ilijitoa mwaka uliofuata, lakini sheria ya taarifa ipo na inatumika katika kila halmashauri.

Barua iwe fupi na itaje karatasi kwa majina. Ombi la "taarifa zote za mradi" hurudi na jibu la jumla.

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*YAH: OMBI LA TAARIFA CHINI YA SHERIA YA HAKI YA KUPATA TAARIFA, 2016*
*Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa Mtaa wa ......, Kata ya ....... Naomba nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu ukarabati wa jengo lililopo Kiwanja Na. ...... Kitalu ......: (a) jedwali la vipimo na bei, (b) mkataba na marekebisho yake, (c) hati zote za malipo, (d) kumbukumbu za mapokezi ya vifaa na kurasa husika za leja ya stoo, (e) muhtasari wa kikao cha Baraza la Madiwani kilichopitisha mradi. Niko tayari kulipia gharama za nakala.*
*Wako mtiifu, ......*

Peleka nakala mbili masjala. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo siku 30 hazina mwanzo. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo rufaa huenda kwa waziri.

Kipengele (d) ndicho kinachozaa matunda pale kazi inapofanywa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inanunua vifaa yenyewe na kulipa fundi kwa kazi tu. Hapo hakuna mkandarasi wa kubebeshwa lawama. Kuna kamati ya mapokezi, mtunza stoo, na saini zao. Leja ikisema mifuko 160 ya saruji iliingia na kutoka, na ukuta unabeba 35, saini zitajieleza.

Zabuni za umma siku hizi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kwa hiyo tafuta tangazo la zabuni na la mshindi humo. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Nenda, kaa, andika. Soma pia ripoti ya mwaka ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa, ambayo huwasilishwa bungeni kila Aprili. Hoja za ukaguzi za halmashauri yako hujadiliwa barazani, na mkurugenzi hutakiwa kuzijibu.

Jengo linapoandaliwa kufa

Kashfa kubwa zaidi ya majengo ya kale mara nyingi haiko kwenye ukarabati. Iko kwenye kiwanja. Jengo liko katikati ya mji, karibu na soko au stendi, ardhi yake ina thamani kuliko kuta. Mwenendo wake unatambulika: gata linaachwa lizibe, bati chache zinang'olewa "kwa usalama", mlinzi anaondolewa, mvua mbili zinapita, kisha inatokea taarifa kwamba jengo ni hatari na libomolewe. Ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi linaweza kuwa limeshaingia kabla ya taarifa hiyo.

Uliza mambo haya kwa mpangilio huu. Taarifa ya ubovu imesainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na ina vipimo vya nyufa au maneno matupu? Uthamini umefanywa na mthamini aliyesajiliwa, lini, na umethamini ardhi pamoja na jengo au jengo bovu peke yake? Tangazo la kubadilisha matumizi limebandikwa wapi, tarehe gani? Muhtasari wa kamati unafanana na wa baraza? Mnunuzi ni kampuni? Basi pekua majina ya wakurugenzi wake BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na uyalinganishe na majina ya waliokaa kwenye kikao.

Wapo wanaosema jengo lililochafuliwa na kashfa libomolewe, aibu iishe. Hatukubaliani nao. Ile mahakama ya Tweed ilikaribia kubomolewa miaka ya 1970, ikatangazwa na mji kuwa jengo la kihistoria mwaka 1984, ikakarabatiwa, na ikawa makao ya idara ya elimu ya mji. Aliyeiba anashtakiwa, ukuta unatengenezwa.

Kupeleka hoja

Andika ukurasa mmoja wenye safu tatu: kilichoandikwa kwenye nyaraka, kilichopimwa, tofauti. Ambatisha picha. Usiandike neno "mwizi" wala jina la unayemshuku. Namba zikisimama vizuri, mchunguzi atafika kwenye jina mwenyewe. Anza na mkaguzi wa ndani wa halmashauri na diwani wa kata, wape muda wa kujibu. Wakinyamaza, nenda TAKUKURU, ofisi ya wilaya au simu ya bure 113. Kwa kiongozi wa umma mwenye maslahi binafsi kwenye kiwanja, kuna Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Kurusha tuhuma kwenye makundi ya WhatsApp kunakuweka mbali na ulinzi huo na karibu na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo.

Mahakamani kuna mtego wa muda. Anayetaka kuishtaki serikali, halmashauri ikiwemo, hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, na greda halisubiri siku 90. Ndiyo maana pendekezo la kulitangaza jengo, upekuzi wa hati na picha za mwanzo vifanyike wakati hakuna ugomvi. Ikibidi kwenda haraka, mwone wakili siku hiyohiyo kuhusu zuio la muda, ukiwa na upekuzi na muhtasari mkononi.

Baada ya makabidhiano

Kazi ikikabidhiwa, mkataba kwa kawaida huacha kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi sita hadi kumi na miwili, ambapo sehemu ya malipo inazuiliwa na mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro. Soma tarehe yake ya mwisho kwenye mkataba na uiandike kwenye kalenda ya ofisi ya mtaa. Kama kazi ilikabidhiwa Juni na kipindi ni miezi sita, kinaisha Desemba, mvua za Tabora zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Madiwani waombe miezi kumi na miwili mkataba ukiwa bado rasimu, ili paa lipitie msimu mzima.

Nenda siku ya kwanza ya mvua kubwa, mvua ikiwa bado inanyesha. Tazama gata linafurika wapi, maji ya bomba yanatua wapi, na dari ina doa wapi. Rudi baada ya wiki mbili za ukavu, gonga ripu yote tena kwa kifundo cha kidole, weka alama ya chaki kila penye mlio mtupu, piga picha, na upeleke orodha kwa mhandisi wa halmashauri kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa kabla fedha iliyozuiliwa haijaachiwa.